Nyasi Zilizonyamazishwa

Mpaka ulikuwa umenyooka mno.

Hilo ndilo lililomsimamisha Sigfrida Hyera katikati ya mteremko, mkono mmoja umeshika kofia isichukuliwe na upepo wa kipupwe. Juu yake, kuelekea kilele cha Kichuguu, nyasi zilikuwa na mabaka ya zambarau. Mengine yalikuwa mepesi kama nguo iliyochujuka, mengine mazito kama bilinganya. Yalitapakaa ovyo, yakichepuka na kurudi, kama maji yanayotafuta njia. Yaliteremka hivyo mpaka kwenye njia ya mbuzi inayotenganisha kilima na kijiji, na hapo yakakoma. Yote, kwa pamoja. Ng'ambo ya ile njia, hadi kwenye kuta za nyumba za Lihangu, nyasi zilikuwa kijani kitupu.

Gesi haina habari na njia ya mbuzi.

Aliutazama tena ule mstari, akitafuta sababu ya kuuamini. Labda udongo wa kijijini ulikuwa mnene zaidi. Lakini ni yeye aliyesimamia udongo ule ulipomwagwa, na alijua kwamba huko chini uliwekwa mwembamba kuliko kilimani, kwa kuwa tope lililofika huko halikuwa jingi.

"Mbona umeganda hapo kama nguzo, mama Eusebia?"

Kunigunda Luambano, jirani wa dada yake, alikuwa anapanda kilima na mundu mkononi, anakwenda kuwafuata mbuzi wake. Alikuwa mwanamke wa kicheko cha karibu. Binti yake Hilda na Eusebia, binti wa Sigfrida, walikuwa hawaachani toka walipoanza shule pamoja.

"Naangalia nyasi, mama Hilda."

"Angalia, ndiyo kazi yako. Sisi wengine kazi yetu kulala tu." Akacheka. "Si ulisema mwenyewe, pakiwa kijani tulale? Tumelala mpaka tumenenepa."

Sigfrida naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo.

Chini ya Kichuguu kulikuwa na kila kitu ambacho mgodi haukukitaka. Mwamba ulisagwa, urani ikachukuliwa, na kilichobaki, mchanga na tope la kijivu, kikarundikwa nyuma ya ukuta. Ukuta ulipopasuka, Sigfrida akiwa bado anabebwa mgongoni, tope lilishuka mpaka mashambani, na watu wa Lihangu wakahamishiwa kambi ya Mkalanga. Walikaa huko mpaka watoto waliozaliwa kambini wakazaa kambini. Tope lenyewe lilifunikwa pale pale lilipolala.

Ndani yake ilibaki radiamu, na radiamu haitulii. Inaoza polepole kwa maelfu ya miaka, na inapooza inatoa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Dawa yake ni udongo. Radoni haina maisha marefu, nusu yake hufa kila baada ya siku nne hivi. Ukiifunika kwa mfinyanzi mnene wenye unyevu, inakufa njiani kabla haijaona jua. Lakini mfinyanzi ukikauka ukapasuka, au mchwa wakautoboa, gesi inapata barabara. Nje, upepo unaitawanya. Ndani ya nyumba inatuama chini, na uzao wake unaganda kwenye vumbi, na vumbi linaingia mapafuni na kukaa.

Kionya ndicho kilichomfanya Sigfrida ajulikane. Alichukua nyasi za kawaida za milima ya kwao akazifundisha, ndani kabisa ya chembe zake, kuumia mapema. Pale radoni ilipopita, jani liliumia kwa niaba ya mtu, na jani lililoumia liligeuka zambarau. Jicho la Mamlaka, ile ya serikali inayosimamia mabaki ya migodi, lililokuwa likizunguka angani lilisoma rangi ya kila kilima kilichofunikwa nchini, na likiona zambarau ndani ya makazi, amri ya kuhama ilijiandika yenyewe. Hapakuwa na ofisa wa kubembelezwa. Sigfrida mwenyewe ndiye aliyelipigania hilo. Hakutaka iwepo meza ambayo mtu angekaa nyuma yake na kusema ngojeni kwanza.

Alipiga goti, akang'oa shina moja la kijani juu ya njia na jingine chini ya njia. Akatafuta ufa ambao kipimo chake kililia juu yake kama nyenje, akayalaza mashina yote mawili hapo na mizizi yake, akayafunika kwa bakuli la kioo. Kisha akakaa kusubiri. Akala muhogo wa kuchoma aliofungiwa na dada yake asubuhi. Jua lilipoanza kuegemea, shina la juu lilikuwa na ncha za zambarau. La chini lilikuwa limetulia na ukijani wake, kana kwamba halikuambiwa kitu.

Halikuwa kionya. Lilikuwa nyasi mama, mbegu ya asili aliyoanzia kazi kabla hajaitia maumivu. Kwa macho, huwezi kuzitofautisha. Na nyasi mama zilihifadhiwa mahali pamoja tu, safu ya nyuma ya kitalu cha Lihangu, chini ya mkono wa mtu mmoja.

Aliinua bakuli, akalifuta kwa upindo wa kitenge. Akalifuta tena ingawa lilikuwa safi.

* * *

Leokadia alikuwa barazani anachambua maharage. Nyumba yake haikufanana na nyingine yoyote pale kijijini. Ilisimama juu ya nguzo za zege, mtu mzima akipita chini yake bila kuinama, na mlango wake ulifikiwa kwa ngazi. Alipoijenga alisema magoti yake hayapatani na unyevu wa ardhi. Sigfrida alipanda ngazi zile taratibu, na kwa mara ya kwanza akajiuliza ni mtu gani mwenye magoti mabovu anayejijengea ngazi.

Mama yao alifia kambini. Toka hapo Leokadia ndiye aliyemsuka Sigfrida nywele, aliyempigania nafasi ya shule, aliyemwambia kila usiku kwamba wana nyumbani kwao na watarudi. Na walirudi, miaka mitatu iliyopita. Yeye ndiye aliyeongoza kamati ya kurudi, na sasa alikuwa mwenyekiti wa kijiji na msimamizi wa kitalu. Sigfrida, ambaye kazi yake ilimpeleka kilima hadi kilima, alimwachia hata mtoto wake amlee. Hapakuwa na mtu mwingine duniani ambaye angemwachia.

"Umewahi leo," Leokadia akasema. "Eusebia yuko shule bado, wana mazoezi ya ngoma ya lizombe."

"Dada, nyasi za kijijini ulizitoa wapi?"

"Kitaluni. Zingetoka wapi?"

"Safu ipi?"

Vidole vya Leokadia vikasimama juu ya ungo. Sigfrida alikuwa na matumaini, mpaka dakika ile, kwamba angesikia uongo. Uongo angeweza kubishana nao.

"Ya nyuma," Leokadia akasema.

Mbuzi alilia mahali fulani chini ya nyumba. Leokadia aliweka ungo kando, akajipangusa mikono.

"Kabla hatujarudi nilipanda vionya kidogo kidogo, huku na huku, kwenye viwanja vya watu. Nilitaka kuona kwanza, mimi mwenyewe. Havikumaliza hata wiki mbili, vikageuka. Nikaving'oa vyote."

"Ungeniambia."

"Ungefanya nini?"

"Ningesema."

"Basi ndiyo maana."

Sigfrida alikaa kwenye ngazi ya juu kabisa. "Ulinisimamisha mbele ya watu," akasema. "Siku ya kurudi. Nikawaambia kwa kinywa changu kwamba pako salama. Lile gauni la bluu ulinishonea wewe. Ulikuwa nyuma yangu unanifunga vifungo, dada. Unanifunga vifungo, na unajua."

"Nilijua."

"Ukaniambia nisitetemeke."

"Ulikuwa unatetemeka." Sauti ya Leokadia haikupanda. "Sigi, nisikilize. Wewe uliondoka Mkalanga msichana, ukaenda kusoma. Mimi nilibaki nazika. Kipindupindu, kiangazi cha njaa, watu wanaojinyonga kwa kukosa la kufanya. Kina mama walikuwa wanakata roho wamegeuza uso upande huu. Hiyo gesi yako inamfikia mtu baada ya miaka ishirini, thelathini, tena mmoja hapa mmoja pale, na wengine haiwafikii kabisa. Kambi iliua watu kila juma. Niliwapa miaka."

"Hukuwapa. Uliwachagulia."

"Ndiyo, niliwachagulia. Nani mwingine alikuwepo?"

Lilikuwa jibu la kweli, na ndiyo maana lilimuuma. Sigfrida aligeuka asiuone uso wake, na macho yake yakaangukia nguzo za zege, ngazi, chumba cha pembeni chenye pazia la maua ambamo binti yake alilala.

"Na Eusebia?" akauliza, ingawa alishaanza kujua.

"Mtoto wako hajalala chini hata siku moja. Hewa inapita chini yake usiku kucha. Unadhani nilizijengea nini hizi nguzo? Magoti?"

Kitu cha kwanza kilichompitia Sigfrida kilikuwa nafuu. Ilimshuka mwilini kama maji ya moto baada ya baridi, tamu, na haikuomba ruhusa. Ndipo akamkumbuka Hilda, anayelala kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, hatua chache kutoka pale, na ile nafuu ikageuka kitu ambacho hakuweza kukimeza wala kukitema.

"Huyo ndiye uliyemchagua," akasema. "Katika watoto wote."

"Nilikuwa na uwezo wa kujenga nyumba moja."

* * *

Mpango wa Leokadia ulikuwa tayari. Alikuwa nao, ilionekana, kwa muda mrefu, akisubiri tu siku mdogo wake atakapogundua. Kimyakimya, alisema. Lete mfinyanzi mpya, lete maji, useme ni kwa ajili ya mchwa. Tia mabomba chini ya sakafu yanyonye hewa ya ardhini na kuitoa juu ya paa, useme ni kwa ajili ya unyevu. Nipe mpaka mvua zimalizike. Hakuna atakayehama, hakuna atakayelia, na hakuna atakayejua.

Kilichomtisha Sigfrida ni kwamba ungefanya kazi. Usiku ule alilala macho wazi akiupitia, na asubuhi alijikuta ameshauboresha. Akiripoti, amri itajiandika, malori yatakuja, na Mkalanga bado ipo, na mahema yake. Mzee Osmund Gama, aliyelala kifudifudi barabarani siku ya kurudi akiinusa ardhi kama mtoto anavyonusa nguo ya mama yake, hataishi mwaka huko. Upande wa pili kulikuwa na msimu mmoja tu wa kunyamaza. Msimu mmoja, baada ya miaka mitatu, una uzito gani?

Ijumaa alizunguka nyumba kwa nyumba na kipimo, akisema anapima unyevu. Kwa Kunigunda kilianza kulia mlangoni. Kadiri alivyokishusha kuelekea sakafuni kililia haraka zaidi, mpaka ile milio ikashikana ikawa mluzi mmoja. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya baridi, na nguo kuukuu zimesokotwa na kusokomezwa chini ya mlango ili joto lisitoke.

"Mashine yako ina kelele," Kunigunda akasema, akimwekea kikombe cha togwa. "Unyevu ni mwingi sana?"

"Upo."

"Nilijua. Asubuhi shuka zinakuwa baridi."

Sigfrida alikunywa togwa. Hilda alipita mbio, akamwamkia huku akitoka nje, mwenye afya, mwenye magoti yaliyochubuka. Hakuna mtu aliyekuwa akikohoa Lihangu, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Angemwona mgonjwa mmoja tu angepata nguvu. Badala yake aliona watu wanaocheka kwenye nyumba walizojenga wenyewe.

Jumamosi jioni Eusebia alikuja na mto wake kwapani.

"Mama, naenda kulala kwa kina Hilda. Mama yake amekubali, na mama mkubwa amesema nikuulize wewe."

"Leo hapana."

"Kwa nini?"

"Una mafua."

Mtoto alimtazama. Alikuwa na miaka kumi na moja, umri wa kuanza kuwapima watu wazima. "Sina mafua."

"Unayo. Nenda kalale."

Aliyasema bila kusita, kwa sauti ya upole, sauti ileile ambayo dada yake aliwahi kumwambia nayo asitetemeke. Kule jikoni Leokadia aliacha kukoroga chungu kidogo, kisha akaendelea. Sasa walikuwa wawili.

Sigfrida alikaa kitandani muda mrefu, kibao cha mawasiliano mapajani. Kabla kengele ya misa haijalia alikuwa ameandika kila kitu, vipimo vya nyumba zote, nyasi mama, safu ya nyuma, jina la dada yake na jina lake mwenyewe. Akatuma. Alituma kabla ya kuongea na watu kwa sababu alijijua. Akisikia sauti zao kwanza, asingetuma.

* * *

Aliwaambia baada ya misa, kwenye uwanja wa shule, wote wakiwa wamevaa nguo zao nzuri. Leokadia alifungua mkutano kama mwenyekiti. Aliuona uso wa mdogo wake akajua, akamaliza maneno ya kufungua bila kukatiza, akakaa.

Sigfrida hakuzunguka. Aliwaonyesha mashina mawili ndani ya bakuli la kioo, lililoumia na lisilojua kuumia. Aliwaeleza gesi iliyokuwa ikipanda kupitia sakafu zao na kutuama ndani, ilhali nje upepo unaitawanya. Alisema amri imeshaandikwa, na malori yatafika ndani ya juma. Alisema na habari za chumba cha juu cha nyumba ya dada yake na nani alilala humo, kwa sababu aliona akiliacha hilo litakuwa ni kuanza uongo mpya.

Watu hawakupiga kelele. Walikaa kama watu wanaojaribu kukumbuka wamelala upande gani wa kitanda.

"Nani alizipanda hizo nyasi bubu?" Mzee Osmund akauliza hatimaye.

"Mimi, baba," Leokadia akasema, akasimama. Hakutafuta la kujitetea. "Nilijua, na nikazipanda. Nilitaka mfie nyumbani na si kule."

Mzee alimwangalia. Mikono yake ilikuwa juu ya fimbo. "Huyu alituleta nyumbani kwa uongo," akasema taratibu, kama mtu anayepanga vitu viwili mezani, "na huyu anatutoa nyumbani kwa ukweli. Sasa mimi, kwa umri huu, nimkasirikie nani?"

Ndipo Kunigunda akainuka, akaja mbele mpaka akawa ana kwa ana na Sigfrida. Hakuwa na kicheko chake usoni, na bila kicheko alionekana mtu mwingine.

"Ulijua lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi." Alikuwa anatikisa kichwa kidogo kidogo. "Ijumaa ulikuja kwangu. Ukaniambia unapima unyevu. Nikakupa togwa, ukanywa, ukasema asante. Jana ukamzuia mtoto wako asije kulala kwangu, ukasema ana mafua."

"Mama Hilda..."

"Nilituma uji kwa ajili ya hayo mafua, mama Eusebia. Wa pilipili manga. Binti yangu aliubeba, akarudi nyumbani, akalala palepale chini."

Sigfrida alilishika bakuli kwa mikono miwili.

"Leokadia alitudanganya miaka mitatu," Kunigunda akasema. "Wewe siku tatu. Halafu ulipochoka kudanganya, ukatuma barua huko juu kabla hujatuuliza. Tungekuambia nini hatujui, labda tungesema hivyohivyo, tuma. Lakini hukuuliza. Kwa hiyo na wewe umetuchagulia."

Aliporudi kukaa, hakurudi alikokuwa. Alikwenda upande wa Leokadia, na wanawake wengine wakafuata, mmoja mmoja, wakamzunguka. Baadhi yao walikuwa wanalia kwa hasira, na walikuwa wanalilia kwake, mikono yao imemshika mabega, kama watu wanaopigana na ndugu yao ndani ya nyumba moja. Mwanamke mmoja alimpiga kofi, kisha akamkumbatia. Hakuna aliyemgusa Sigfrida. Alibaki peke yake katikati ya uwanja na bakuli lake, na hakujua aliweke wapi.

* * *

Malori ya Mamlaka hayakuwa na madereva, kwa hiyo hapakuwa na wa kumtukana. Yalipanga foleni mbele ya kanisa, yakafungua milango, yakasubiri. Watu walipakia vitanda, kuku, mabati waliyoyang'oa kwenye mapaa yao wenyewe. Leokadia alikuwa ameitwa kujieleza mbele ya Mamlaka mwezi unaofuata, na kijiji kizima kilishasema kitakwenda naye, kimsute au kimtetee, hilo wataamua wenyewe huko. Alizunguka lori hadi lori na magoti yake mazima, akihesabu wazee, akifunga kamba, akiwaimbisha watoto. Alikuwa amewahi kuifanya kazi hiyo. Aliijua.

Alimfikia Sigfrida mwisho.

"Sigi. Unakuja?"

"Siji. Kuna mfinyanzi wa kumwaga. Mamlaka wanaleta mitambo, na mtu lazima aisimamie. Misimu miwili, mitatu, huenda watu wakarudi."

"Hasira zako zitakwisha."

"Sijui, dada. Ungenidanganya mimi peke yangu, ningejua pa kuanzia kukusamehe. Ulinifanya mimi ndiye nidanganye."

Leokadia aliinua mkono kama anayetaka kumweka sawa kola ya shati, jinsi alivyokuwa akifanya toka wakiwa wadogo. Sigfrida alirudi nyuma, hatua moja tu. Mkono ulibaki hewani kidogo, kisha dada yake akautumia kufunga kilemba chake mwenyewe, akaondoka bila kugeuka.

Eusebia alikuwa amesimama kando ya ngazi za lori na begi lake. Ilibidi aende. Hapakuwa na nyumba Lihangu ambayo mtoto angeruhusiwa kulala, na hema la mama yake lilikuwa kwenye kambi ya mitambo. Toka Jumapili alikuwa hajasema zaidi ya ndiyo na hapana.

"Hilda alikuwa anajua?" akauliza sasa.

"Hapana."

"Na mimi? Nilikuwa najua?"

"Hapana, mwanangu. Wewe hukujua kitu."

"Lakini nililala juu."

Sigfrida alitaka kumwambia kwamba si kosa lake. Aliyatafuta maneno hayo na kuyapata, lakini mtoto alishapanda. Ndani ya lori kulikuwa na mabenchi, na kulikuwa na nafasi. Eusebia alipita mabenchi yote akaenda kukaa sakafuni kando ya Hilda, aliyekuwa amejikunja kwenye rundo la magodoro. Hilda alimtazama, akageuzia uso upande mwingine. Ila hakuhama.

Kunigunda alikuwa wa mwisho kupanda. Alikwisha kanyaga ngazi ya kwanza, akashuka, akaja moja kwa moja. Akatoa ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha kanga.

"Sijakusamehe," akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya hewa. "Lakini wewe ndiye unayebaki. Si ulisema nje upepo unaitawanya? Basi nifungulie madirisha."

Malori yaliondoka bila mngurumo, na mtu akaanzisha wimbo, na sauti ya Leokadia ikaupokea na kuubeba mpaka walipopinda nyuma ya kilima.

Sigfrida aliingia nyumbani kwa Kunigunda. Sakafuni kulikuwa na alama ya mstatili, safi kuliko sehemu nyingine, pale godoro la Hilda lilipokuwa. Aliyachomoa matambara chini ya mlango. Madirisha yalikuwa yamevimba kwa kukaa yamefungwa, ikabidi ayasukume kwa bega, moja, halafu jingine, mpaka upepo ukaingia upande huu na kutokea ule na kuinua vumbi lote la chumba. Alisimama katikati yake amejifunika pua kwa mkono, akasubiri lipite.

Kisha akatoka, akaenda nyumba ya pili. Ilikuwa imefungwa, na hakuna mtu aliyemwachia ufunguo wake. Akaenda ya tatu. Aliifuata safu nzima hadi mwisho wa kijiji, akijaribu kila mlango.